Mlango Usio na Kibao

Siku ile kule Arlington, Marekani, waliniita mtaalamu. Asubuhi nilikuwa Oxon Hill nikimwogesha mzee wa watu, mchana nimeketishwa kwenye kiti kinachozunguka, naombwa ushauri. Kwetu Kongo nilikuwa mkunga kabla vita havijatufukuza, na ofisi hiyo ya misaada ilikuwa ikijenga upya wodi ya wazazi ya mji wetu. Aliyenipeleka ni rafiki yangu Mkenya aliyefanya kazi pale; tuliimba kwaya moja.

Niliwaomba jambo moja tu. Wanawake waliobakwa vitani waingie kwa mlango uleule wa wanaopeleka watoto kupimwa uzito, na chumba chao kisiandikwe chochote. Mji wetu ni mdogo, na midomo yake haichukui likizo. Waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Garini, tukirudi, nilimweleza rafiki yangu zaidi. Mdogo wangu wa tumbo moja aliumizwa na wanajeshi, tangu hapo hawezi kuzuia mkojo, na alikuwa akingoja wodi ifunguliwe ashonwe. Mumewe alidhani ni uzazi uliomharibu.

"Haki sister, hiyo niachie mimi," aliniambia.

Nilimwamini. Nikampigia mdogo wangu simu kumwambia asiogope, hakutakuwa na kibao.

Wodi ilipofunguliwa, rafiki yangu alitualika wanakwaya chai nyumbani kwake Bowie, akatandaza picha za wodi kando ya chapati. Bati jipya, rangi ya samawati. Upande unaotazama soko kulikuwa na mlango wa peke yake, na juu yake kibao kikubwa kuliko dirisha: HUDUMA KWA WANAWAKE WALIOBAKWA. Chini yake, shukrani kwa wafadhili.

"Nani ameweka hiki?"

"Donor alitaka ionekane kwa picha," alisema, akinimiminia chai. "Sasa mimi ningewaambia nini? Na si wodi imejengwa?"

Ningewaambia nini! Mkutanoni alikuwepo. Garini alikuwepo. Angekuwa mtu baki nisingeumia hivyo, lakini huyu alijua ni nani atakayesimama mbele ya kibao kile, akanyamaza, kisha akanikaribisha chai. Niliondoka bila kuaga.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Nilifika mpaka ku mlango, dada," alisema. "Mama mkwe alikuwa ku soko, ananiangalia. Nikapita tu, nikauza chumvi kwake, nikamulipa, nikarudia nyumba."

Kisha akauliza:

"Dada, ni wewe uliwaambia habari yangu?"