Gasketi Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Kwa miaka sita nilikuwa fundi wa boila katika hoteli moja ya Diani, na kwa miaka hiyo sita kila aliyeingia karakana kwa mara ya kwanza aliniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikijibu kwamba ni mimi, alitazama nyuma yangu. Mwanamke aliyetoka upande wa Kinango, kwa fikira zao, alitakiwa awe anatandika vitanda au anamenya viazi jikoni. Nilikuwa nawaacha na mshangao wao, mimi naendelea kukaza nati.

Boila yetu ilitoa mvuke wa chumba cha kufulia. Bomba lilipita ukutani, likashuka nyuma ya mashine ya kupigia pasi mashuka, na hapo palikuwa na kiungo: sahani mbili nene za chuma zinazotazamana, zimebanwa kwa bolti nane. Mafundi tunaziita flenji. Mtu akizitazama huona bolti, akaamini kwamba bolti ndizo zinazozuia mvuke. Uongo mtupu. Bolti kazi yake ni kubana tu. Chuma hata king'ae vipi kina mikwaruzo na mabonde ambayo jicho haliyaoni, na mvuke wenye presha hauhitaji mlango mkubwa. Kinachoyajaza mabonde hayo ni gasketi, pete nyembamba inayokaa katikati. Haionekani, haisifiwi, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna anayekumbuka kwamba ipo. Naipenda kwa hilo, na mara nyingine nakasirika kwa niaba yake.

Nikianza kueleza aina zake watu hupiga miayo, lakini nitaeleza. Kuna gasketi laini: raba, gome la kutengenezea vizibo, karatasi ngumu unayoikata kwa mkasi. Nyingi katika hizo ni za maji baridi na presha ndogo. Kuna za chuma kitupu, pete nzito ambazo mimi nimeziona chuoni tu, za mahali penye presha ya kutisha. Halafu kuna za mchanganyiko: utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa pamoja na utepe wa yale madini meusi ya penseli, mzunguko juu ya mzunguko. Chuma hufanya kazi ya springi, na weusi ule hujaza mabonde. Flenji ya nyuma ya pasi ilitaka hii ya mwisho. Nayo hufungwa mara moja tu. Ikishabanwa imelala. Ukiifungua na kuirudisha, haiinuki tena.

Sikuzaliwa nikiyajua haya. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mahali pengine, nilikata raba ya tyubu ya lori nikaifunga kwenye mvuke, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na kwa sababu nilitaka kuonekana mjanja. Ilipikwa siku tatu, ikapasuka saa ya chakula cha mchana, chumba hakina mtu. Walilaumu bomba kuukuu. Nami nikanyamaza. Aibu ya kunyamaza kule inaniuma mpaka leo.

Sasa siku yenyewe. Hoteli ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeifungua flenji ile kwa ajili ya usafi wa mwaka, na gasketi mpya niliyoiomba wiki tatu kabla ilikuwa haijafika. Mkuu wetu wa ufundi, mtu wa bara, hakuwa mtu mbaya. Aliiogopa tu ofisi kuliko alivyouogopa mvuke. Akaja mbio.

"Madam, rudisha hiyo ya zamani. Paka gundi ya silikoni, kaza, tuwashe. Wageni wanataka mashuka."

"Bosi, hiyo siifungi."

"Acha story za darasani. Kila hoteli hapa wanafanya hivyo."

Hapo alisema kweli. Kila mtu alifanya hivyo, na ndiyo maana nilikuwa nimechoka.

"Siifungi," nikarudia.

"Basi ataifunga mwenzako."

Mwenzangu, fundi mwingine, alikuwa na mkataba wa mwezi kwa mwezi. Akatazama viatu vyake. Nilijua angeifunga, na sikuwa na moyo wa kumlaumu.

Aliyekuwa akisubiri mashine ni mama wa Msambweni, aliyekuwa akipiga pasi pale tangu kabla mimi sijaajiriwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba na kunitania kwamba nitaolewa na boila. Siku hiyo hakutania.

"Mwanangu, nambie kweli. Hiyo ikiachia, mvuke utampata nani?"

"Wewe, mama. Mgongo wako ndio uko hapo."

Akasogea hatua mbili kutoka ukutani. Kisha akarudi, kwa sababu mashine haisogei.

Nikachukua mkasi wa kukatia bati nikaikata ile gasketi ya zamani mbele yao wote. Ikafyatuka, utepe wake ukajimwaga sakafuni. Wakisema nilikuwa shujaa wanakosea. Nilikuwa na hasira tu.

Mchana nikaitwa ofisini. Meneja alikuwa amekaa na mkuu wangu, karatasi iko tayari: nikiri kwamba nimeharibu mali ya hoteli kwa makusudi, niombe radhi mbele ya wafanyakazi.

"Siombi radhi," nikasema. "Lakini nina ombi. Ipo gasketi nyingine ya zamani, niliyoitoa kwenye flenji ya tangi. Twendeni nikaifunge sasa hivi, niipake silikoni kama mlivyotaka. Nikiwasha, wewe au mkuu wangu, mmoja wenu asimame pale anaposimama yule mama. Kwa muda wa saa nane tu, kama yeye."

Mkuu wangu akaitazama dari. Meneja akaniambia nitoke. Kabla sijafika mlangoni nilimsikia akipiga simu Mombasa kuulizia gasketi mpya.

Ilifika kesho yake asubuhi kwa pikapu. Nikazisafisha sahani mpaka zikawa nyeupe, nikaiweka katikati, nikaanza kukaza: bolti ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto, kidogo kidogo, isibanwe upande mmoja. Nikiwa katikati ya mzunguko wa pili akaingia karani na bahasha na kalamu.

"Dada, samahani. Wamesema usaini barua ya kuachishwa kazi sasa hivi, na uache funguo za karakana."

"Ngoja," nikamwambia. "Sijamaliza."

Akangoja. Nikakaza mzunguko wa tatu, nikaufungua mvuke taratibu, nikaizunguka flenji yote kwa tochi nikitafuta hata tone. Palikuwa pakavu. Mama akaingiza shuka la kwanza, mgongo wake ukutani. Ndipo nikafuta mikono, nikaichukua kalamu.