Jirani Niliyemkana

Ipo Ijumaa moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, chakula nakisukuma kando. Nilirudi kutoka kazini alasiri nikakuta wapangaji wenzangu wamesimama mlangoni kwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Mama Neema alikuwa ameshika bakuli la uji uliokwisha poa. Alinitazama tu, akasema, "Fundi Saa ametutoka."

Usinihimize, nitafika. Nimesikia wiki ijayo unaondoka kwenda Dar es Salaam, na mama yako amekuleta nikupe neno. Neno ninalo, lakini siwezi kukupa bila kukueleza nilichokifanya nilipokuwa na umri kama wako. Hata watoto niliowazaa hawakijui chote.

Mimi niliondoka hapa Kilosa kwa treni, na sikuondoka kwa kulipenda jiji. Nilikimbia jina. Mtaani kwetu walikufa watoto wawili wa nyumba moja ndani ya mwaka mmoja, na watu wakakubaliana kwamba baba yangu ndiye aliyewala kwa uchawi. Hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Waliacha tu kuja. Siku ya Idi mama alipeleka pilau kwa majirani, na sahani zikarudi zimejaa kama zilivyokwenda. Msikitini, nafasi ya kulia na ya kushoto kwa baba ilibaki wazi mpaka imamu awakemee watu wajaze safu. Mimi naitwa Athumani, lakini nilifika miaka ishirini bila kulisikia jina hilo kwa jirani. Niliitwa mtoto wa fulani, na anayeniita alishusha sauti.

Basi nilipofika Dar nilijiona nimezaliwa upya. Sikufichi, mwanangu, jiji lina neema yake, na anayekwambia halina hakuishi huko. Nilipata kazi kwenye karakana ya useremala kule Keko. Hakuna aliyeuliza baba yangu ni nani. Waliuliza kama najua kupiga randa. Nilipanga kwenye nyumba ya vyumba sita, na kila chumba, tulivyodhani, kilikuwa na kabila lake. Mama Neema alikuwa mjane wa Kihaya, Mkristo, akipika chapati za kuuza. Mzee Makame, Mpemba, alitembeza kahawa. Lukasi alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago. Chumba cha mbele alikaa Msukuma mmoja mpakiaji mizigo. Ramadhani tuliofunga tulikuwa wachache, lakini futari ililiwa na nyumba nzima; na Krismasi mkuna nazi nilikuwa mimi. Hapa kwetu ng'ombe akiingia kwenye mpunga wa mtu, watu hushika mafimbo kabla ya kuulizana habari. Kule, ugomvi mkubwa niliouona ulikuwa wa zamu ya kufagia uani.

Lakini nililevywa na kutojulikana. Nikiulizwa kwetu, nilijibu Tanga, mahali ambapo sijakanyaga hata leo. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Mimi nilijiona huru.

Huyo Fundi Saa alikuja baadaye, akachukua chumba kilichopakana na changu. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, Mwislamu, akitengeneza saa barazani kwa watu. Jina lake halisi hatukuuliza. Jijini jina la kazi linatosha. Jumapili moja asubuhi tulikuwa uani tunafua, wawili tu. Akaacha kufua, akanisikiliza nikiongea na Mama Neema aliyekuwa jikoni. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, lafudhi hiyo naijua. Wewe si mtu wa Kilosa?"

"Hapana," nikamjibu. "Mie wa Tanga."

"Basi niwie radhi. Mimi wa Kilangali, kule kwenye mashamba ya mbegu. Naitwa Selemani. Mama yangu Bi Mwanaidi yuko peke yake huko. Kifua hiki hakinipi nafasi, nikawa namtafuta mtu wa kwetu, likitokea la kutokea ampelekee habari."

Nikamwambia Mungu atamjalia, nikaanika shati langu, nikaingia ndani.

Tangu siku hiyo nilimkwepa. Nilitoka asubuhi kabla hajafungua mlango, na nikirudi nilipitia upande wa nyuma. Lakini ukuta haukwepeki, mwanangu. Nilimsikia akikohoa mwezi mzima. Mama Neema ndiye aliyempikia uji. Mzee Makame ndiye aliyemshika mkono mpaka hospitali, wakampa dawa, akarudi, akazidiwa tena. Hospitali waliandika Fundi Saa tu, na alipozidiwa hakuwa na pumzi ya kueleza kwao. Mara moja Mama Neema aliniambia, "Athumani, mwanaume mwenzio yule, ingia hata umjulie hali." Nikasema nina haraka ya kazi. Nilikuwa nikitengeneza kabati la mtu, na kabati lile lilishakamilika.

Ndipo ikaja hiyo Ijumaa.

Mjumbe wa nyumba kumi alikuja, akauliza, "Nani anajua kwao marehemu?" Wote wakatazamana. Mmoja akasema labda Dodoma, mwingine akasema labda Singida. Mjumbe akanigeukia, maana chumba changu ndicho kilichokuwa karibu. "Wewe je, hakukwambia lolote?"

Ningesema neno moja tu. Lakini ningelisema, wangenituma mimi nilipeleke. Ningeshuka stesheni ya Kilosa na habari ya msiba mkononi, mtoto wa yule yule anayekula watu. Nilisikia watakavyosema: hata Dar amemfuata mmoja wetu. Nikatikisa kichwa.

Wakamzika wao. Nataka ulisikie hili vizuri kwa kuwa unakwenda huko. Mzee Makame alimwosha. Msukuma yule na Lukasi, Wakristo wote wawili, walichimba kaburi pamoja na vijana wa mtaani. Mama Neema hakupika chapati siku mbili. Jeneza lilipotoka watu walipokezana njia nzima, mpaka wapita njia waliacha shughuli zao wakatia bega. Watu wasiomjua walimpa kila kitu walichokuwa nacho. Aliyemjua alimnyima neno moja.

Kaburini, kabla ya talkini, shehe aliinua kichwa akauliza, "Mama yake anaitwa nani?" Unajua maiti kwenye talkini, yale maneno anayosomewa kaburini, huitwa kwa jina la mama. Jina lilikuwa mdomoni mwangu, mwanangu, nililihisi kwenye ulimi kama punje ya chumvi. Shehe akangoja kidogo. Kisha akamwita mwana wa Hawa, kama anavyoitwa mtu asiye na kwao.

Nilikaa miaka mitatu mingine katika jiji lile. Nilihama Keko, lakini kikohozi kile nilihama nacho. Halafu baba akafa, nikarudi kumzika. Waliobeba jeneza lake walikuwa wanne, nami nikiwa mmojawapo. Hakuna aliyekuja kutupokea. Tulitua mara mbili njiani tupumzishe mabega, na watu walitutazama kutoka barazani. Nilikuwa nimeiona chuki ya kwetu tangu utoto, lakini siku hiyo moyoni nilimwona tena Selemani akienda juu ya mabega ya makabila yote, nikajua kwamba uoga wangu ulikuwa umenifanya mbaya kuliko hao waliokaa barazani.

Siku ya pili baada ya hitima nilikwenda Kilangali. Bi Mwanaidi nilimkuta akipepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamwambia nimeleta habari za Selemani, lakini nikaanza na jina la baba yangu, maana nilidhani hilo ndilo litakalomtisha.

Akalisikia, akaendelea kupepeta. "Jina la baba yako nalifanyia nini? Nakuuliza habari za Selemani."

Nikamwambia. Ungo ukasimama.

"Alipokufa wewe ulikuwa umbali gani?"

"Ukuta mmoja, mama."

"Mlimzika kwa jina gani?"

Nikamwambia, mwana wa Hawa. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa kanga ya kutokea. "Twende unionyeshe," akasema.

Tulipanda treni yeye na mimi. Makaburini nilizunguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri sikuliona kaburi. Kibao alichokichonga Lukasi kilikuwa kimeliwa na mchwa, na watu walikuwa wamezikwa juu ya watu. Mimi seremala, mwanangu, sikuwa nimempelekea hata ubao. Mwishowe mama yule alinishika mkono nisimame. Akatazama lile eneo lote, akaita kwa sauti, "Selemani mwana wa Mwanaidi!" Akaita mara tatu. Watu waliokuwa wakimzika mtu wao upande wa pili walishusha majembe wakageuka.

Tukashika njia ya kurudi mpaka Morogoro. Hapo nikamwomba msamaha. Akasema, "Ya kwangu nimekusamehe. Ya Selemani umuombe mwenyewe."

Alifariki masika yaliyofuata. Mimi sikurudi tena Dar. Nimekaa hapa hapa, nikatengeneza milango na vitanda vya watu, na ambao hawakupenda kuniita waliishia kuniita kwa sababu seremala mwingine hakuwapo. Ya Selemani bado namwomba.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi sikukatazi jiji. Kama kuna kitu kimekubana hapa, jina baya, au kisasi, au watu waliokwisha kukuamulia utakuwa nani, nenda ukapumue. Utakaa na watu wa dini zote na lugha zote, na wengi wao watakufaa siku ambayo ndugu wamekaa barazani. Mtu ni watu, na watu jijini hawapungui. Lakini jiji litakupa ruhusa ambayo kijiji hakikupi: ruhusa ya kutomjali mtu na usiulizwe. Ruhusa hiyo usiipokee. Ukiulizwa kwenu, sema kwenu. Muulize jirani jina lake, na la mama yake, ulihifadhi. Siku hizi mna simu, mtaniambia mambo yamebadilika. Simu ya maiti ikiisha chaji haisemi kwao. Ukisikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta, gonga mlango. Na neno la kweli likifika mdomoni, liteme siku hiyo hiyo, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kinachokuumbua kinaweza kuwa cha mwenzio.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na majirani wenye huruma, na wewe akufanye mwenye huruma kwao. Akuepushe na kuishi bila kujulikana, na siku yako ikifika, iwe mbali nami, akujaalie mtu mmoja wa kulitaja jina la mama yako. Amina.