Mistari Sita ya Mama wa Spånga

Nilikuwa na wivu. Naliweka neno hilo mbele kabisa, maana watu wa kanisani walikuwa wakinisifu kwa uvumilivu, nami nikinyamaza wanisifu.

Binti yangu figo zilimharibikia akiwa bado ananyonyesha mtoto wa pili. Siku tatu kila wiki alikuwa hospitalini, kwenye mashine ya kusafisha damu, na mimi niko nyumbani Hallonbergen, huku Uswidi, na wajukuu wawili wa kike, mmoja wa miaka mitano, mwingine ndiyo kwanza anajaribu kusimama. Baba yao alikwisha kuondoka. Huyo simzungumzii.

Watu wa ustawi wa jamii wakaona nimechoka, wakatutafutia mama mmoja Mswidi wa Spånga, mtaa usio mbali na kwetu, mstaafu mwenye nyumba na bustani, awachukue watoto Jumamosi na kuwarudisha Jumapili, mara mbili kwa mwezi. Nilikubali kwa sababu binti yangu alikubali. Haikupita miezi miwili, yule mkubwa akawa anamwita mormor, ndivyo Waswidi wanavyomwita mama wa mama, kana kwamba mimi ni mpangaji tu mle ndani. Nikimuuliza wamekula nini, ananijibu kwa Kiswidi. Mdogo naye mlango ukifungwa anamlilia yule aliyebaki nje.

Kitu kimoja kilinifariji. Yule mama hakujua nywele zetu. Kila Jumapili ya kurudishwa, yule mkubwa aliingia kichwa kimesokotana, nami namkalisha chini katikati ya magoti yangu, napaka mafuta, nachambua, nasuka. Kupika anaweza yeyote, hata kubeba mtoto. Lakini hapo katikati ya magoti palikuwa pangu.

Basi Jumapili moja majani yameanza kuanguka, mtoto akaingia amesukwa. Mistari sita, imenyooka, na shanga za buluu kwenye ncha. Mama wa Spånga kasimama mlangoni anatabasamu, anangoja niseme neno. Nikamwambia asante, nikafunga mlango.

Nikamwambia mtoto akae. Nikafumua yote. Akalia, akasema namharibia. Nikamwambia, "Nyamaza, zilikuwa zimelegea." Hazikuwa zimelegea. Vidole viliniuma kuzifumua.

Jioni binti yangu akapiga simu. Wiki ile walikuwa wamemlaza kabisa. Akauliza kama nywele zimetoka vizuri, maana kesho yake chekechea walikuwa wanapigwa picha, na yeye anataka picha hiyo kando ya kitanda. Karatasi ya chekechea nilikuwa nimeiona. Sikuisoma.

Nikamuuliza nani alimfundisha yule mama kusuka.

Akasema ni yeye. Mkono mmoja uko kwenye mashine hauruhusiwi kutikisika, kwa hiyo alifunga uzi wa sufu kwenye chuma cha kitanda, akawa anamwelekeza kwa mdomo, na mama wa Spånga, aliyekuwa akimtembelea hospitalini, anausuka. Wiki tatu.

"Na mimi hukuniambia kwa nini?"

"Vidole vyako, Mama. Siku hizi hata kifuniko cha maziwa unamwita mtoto akufungulie. Unadhani sioni?"

Nilidhani haoni. Sikumwambia nilichofanya. Nilimwita mtoto, nikajaribu kuirudisha mistari. Wa pili haukuisha, vidole vikakataa. Asubuhi nikamfunga kitambaa changu cha kanisani.

Kwenye picha mtoto ana kitambaa, kanuna, anatazama pembeni. Binti yangu aliiweka kando ya kitanda vilevile, hakuuliza neno. Mama wa Spånga alipokwenda kumtembelea aliiona. Naye hakuuliza. Wangeuliza ningekuwa na la kujibu.

Zamu yake ilipofika tena sikumwacha mlangoni. Nikamwonyesha kochi, nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu, "Kaa." Nikamkalisha mtoto katikati ya magoti yake. Hilo liliniuma kuliko vidole. Nikamwelekeza asivute kwenye paji, agawe kwa mkia wa kitana, mafuta kwanza. Ana vidole virefu vilivyonyooka. Navyo nikavionea wivu.

Alipomaliza akaonyesha ukutani, picha ya binti yangu akiwa mdogo, msuko umezunguka kichwa kama ukingo wa ungo. Ule nilimsuka mimi, na mimi nilisukwa na mama yangu. Akaomba nimfundishe na ule. Nikamwambia leo vidole vinauma.

Siku ya pili yake, siku isiyo ya mashine, nilikwenda hospitalini, walikuwa bado hawajamruhusu. Binti yangu mikono yote miwili ilikuwa huru. Uzi wa sufu ulikuwa bado umefungwa pale kwenye chuma.

"Sogea," nikamwambia. "Kuna msuko mmoja hujajifunza, ule wa ukutani."