Siku Niliyomlevya Baba Mkwe Redioni

Mimi ndiye niliyemlevya baba mkwe wangu mbele ya mji mzima wa Baraka, asubuhi kweupe, na sikutumia hata tone la pombe. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana wengine wakisimulia wanaongeza chumvi, na hii ya kwangu haihitaji chumvi, ilishaharibika yenyewe.

Mnajua nafanya kazi kwenye redio ndogo pale Baraka, chumba kimoja cha kutangazia na kingine cha kusubiria, basi. Kazi yangu ni kompyuta. Na hiyo kazi niliipata kwa sababu ya mtu mmoja tu, baba mkwe wangu, Papa Alimasi. Siku ukoo ulipokaa kusema kwamba mke wa mtu hawezi kuacha nyumba akakae na mashine, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Mumuache bibi ya mutoto wangu atumike kazi, ile kichwa yake haikuumbwa ya kubeba mihogo tu." Wakakubali wote. Sasa ngojeni muone nilivyomshukuru.

Papa Alimasi zamani alikuwa mlevi. Simsengenyi, yeye mwenyewe anayasema kanisani. Alikunywa mpaka akauza milango ya nyumba (milango, siyo mlango). Mama mkwe, Mama Sifa, alivumilia, na siku mzee alipookoka yule mama alimwambia neno moja: "Siku nitasikia tena sauti yako ya pombe, narudia kwetu Fizi, na sitauliza kitu." Miaka ikapita, mzee hakugusa. Ndipo mkuu wetu wa redio, Chef Bienvenu, akamwomba aje arekodi ushuhuda wa vile alivyoacha pombe, tuutoe asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa chai. Akaja na shati jeupe, nikamrekodi kwa simu, akamaliza, akanipa mkono huku anaangalia pembeni kama inavyompasa mkwe. Sauti ilikuwa safi kabisa. Hilo nalishika mpaka leo.

Sasa ile kompyuta. Tunayo moja tu, na Windows yake ililiwa na virusi vya flash za watu, tukaweka mfumo mwingine, Linux, ila programu yetu ya kutoa nyimbo na matangazo haijui Linux, inajua Windows tu. Basi fundi mmoja wa Uvira akatuwekea kitu kinaitwa machine virtuelle, yaani kompyuta ya kubuni inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli: nje Linux, ndani Windows. Ilikwenda vizuri, halafu juma lile ikaanza kuvuta miguu. Unabonyeza, unangoja, unasahau ulibonyeza nini.

Mchana, siku moja kabla ya ushuhuda kutoka hewani, nikatafuta dawa kwenye simu. Nikapata maelezo ya Kifaransa, yanasema kompyuta ya nje inaitwa mwenyeji na ile ya ndani inaitwa mgeni. Hapo ndipo nilipopotea, jamani, maana ukinitajia mgeni mimi nimelelewa. Kwetu akija mgeni kuku anakwenda kwake mzima, sisi watoto tunaambiwa tumeshiba, na tunaitikia kwamba tumeshiba. Nikafungua mahali pa kumpimia mgeni chakula, nikakuta amepewa prosesa moja kati ya nne, na mémoire, yaani kumbukumbu yake, giga mbili kati ya nane. Niliona haya! Mgeni anakula robo ya sahani, na mimi nipo? Nikampa prosesa zote nne. Ule mstari wa mémoire nikauvuta, ukapita rangi ya kijani, ukaingia nyekundu, nikaufikisha karibu na mwisho. (Nyekundu ile ilikuwa onyo. Mimi nilidhani ni kama nyanya, ikiwa nyekundu imeiva.) Nikazima, nikaenda nyumbani najisifu njia nzima. Kujaribu kwanza? Sikujaribu.

Asubuhi nikawasha, ikachelewa kuamka, nikasema labda mgeni ameshiba. Chef Bienvenu akaingia hewani: "Wandugu, sasa musikilize Papa Alimasi, vile aliachana na pombe." Nikabonyeza. Kwanza kimya. Halafu sauti ya mzee ikatoka imelegea, inajivuta, inajikwaa: "Mi-i-i... naitwa Alimaaa... nilikuwa... nilikuwa... nakunywaaa..." Nikaangalia spika, nikaangalia nyaya, nikaangalia dari sijui kwa nini. Chef akafunika maikrofoni.

"Mama Asende, ulimurekodi saa gani huyu?"

"Alikuwa muzima, Chef!"

"Rudisha mwanzo."

Mtu mwenye akili angezima kabisa. Mimi nikafikiri mgeni bado ana njaa. Chef akajaza muda kwa salamu za wasikilizaji, mimi nikaizima ile kompyuta ya ndani, nikampa mgeni na kile kidogo kilichokuwa kimebaki, nikaiwasha tena. Ikawa mbaya zaidi! Hata saa ya kwenye kona ya kompyuta ya nje ikasimama, mshale wa kipanya ukawa unajikokota, na sauti ya mzee, pale aliposema hatarudia pombe, ikakwama: "...rudia pombe... rudia pombe... rudia pombe..." Nikaruka, nikaweka wimbo wa kwaya ya akina mama, na kwaya nayo ikalewa yote, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Simu ya redio ikaanza kulia. Mmoja anauliza, "Muzee wetu amerudia mu pombe?" Mwingine anacheka tu, halafu anataka kujua ni wapi wanafungua mapema hivyo. Chef akasema kwa maikrofoni kwamba ni shida ya mashini, na nadhani ndiyo ikaharibu kabisa, maana nani anaamini redio ikisema hivyo? Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa mpaka nikaanza kumshuku mzee mwenyewe. Mungu anisamehe, nilijiuliza kama siku ile ya kurekodi hakuwa amepitia mahali.

Pikipiki ikasimama nje. Papa Alimasi huyo, shati lile lile jeupe. Nikapiga magoti, nikaangalia sakafu.

"Mama Asende, ile sauti ni yangu?"

"Ni yenu, Papa."

"Mi sikukunywa."

"Najua, Papa."

"Sasa nani alikunywa?"

Nikaionyesha kompyuta kwa kidole.

Kabla sijainuka, mlango ukafunikwa na watu. Mbele yao Mama Sifa, ametoka sokoni, ndagala zake, wale dagaa anaouza, ameziacha juu ya meza kule, na kichwani ana mfuko wa nguo umefungwa kamba. Alishapita nyumbani, alishafunga virago vya Fizi. Hakusalimia mtu. Akaenda mpaka kwa mume wake, karibu kabisa.

"Fungua kinywa."

Mzee akafungua, mbele ya bamama wote wa soko. Akanusa. "Fungua tena." Akanusa tena. Hapo kicheko cha watu kikaisha.

"Haiko kitu," akasema polepole. "Sasa ile sauti ilitoka wapi?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, bado nimepiga magoti, "Mama, ni mi njo nilikosa. Ndani ya kompyuta kuko mugeni na mwenye nyumba. Mugeni alikuwa anaenda polepole, nikafikiri iko na njaa, nikamupa yote."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Na mwenye nyumba ulimuachia nini?"

"Kidogo sana."

"We mutoto!" Sasa hasira yote ya asubuhi ikanigeukia mimi. "Mugeni anajipikaka? Mwenye kupika akianguka na njaa, ule mugeni atakula mikono yake?"

Nikainuka, nikaenda kwenye kompyuta. Maana ni kweli, mgeni yule hana hata spika yake, akitaka sauti anaomba mwenyeji, akitaka faili anaomba mwenyeji, na mwenyeji nilikuwa nimemwacha hana nguvu ya kuinua kijiko. Nikazima kila kitu. Nikampa mgeni prosesa mbili na giga tatu, nyekundu sikuisogelea. Ikaamka haraka kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Ushuhuda ukatoka mara ya tatu, na safari hii sauti ya Papa Alimasi ikasimama wima. Mama Sifa alikuwa kwenye chumba cha kusubiria, ameketi juu ya mfuko wake chini ya spika, anasikiliza kama hakimu. Mwishoni, pale ambapo mara zote mbili hatukufika, mzee anasema: "Ile siku niliuzisha milango, bibi yangu alilala pa nafasi ya mulango, batoto nyuma yake. Asubui akanisalimia kama siku zote. Mi niliacha pombe sababu ya ile salamu."

Mama Sifa akajipangusa macho kwa kitenge.

"Miaka yote, hajaniambiaka," akasema, siyo kwetu. Akasimama, akamwangalia mzee, akaonyesha mfuko. "Beba."

Na Papa Alimasi akaubeba, kichwani, akavuka nao soko lote mpaka nyumbani, mama nyuma yake mikono mitupu. Waliomwona wakasema, basi leo kweli amelewa.

Kazi bado ninayo, mzee alikataa nisifukuzwe. Ila nimeapa sitabonyeza kitu hewani kabla sijakisikiliza mwenyewe, na mgeni wangu hatavuka nusu ya sahani, hata anune. Na nikienda kwa wakwe, Mama Sifa ananipakulia ugali na ndagala, halafu anainamisha sufuria kidogo, nione kwamba chake amebakiza.