Kucheka Nyuma ya Mjane

Nakumbuka asubuhi ile ukuta wa kiwanda ulipomwangukia Shikuku, na mpaka leo, mwanangu, nikiikumbuka hasira hunipanda. Nitakueleza, ujue kwa nini jana nilizima televisheni mkabaki kuulizana shosho, bibi yenu, ana nini. Mama wa watu analia mbele ya kamera, mwanawe amesombwa na mafuriko, na nyuma yake vijana wamejipanga, vidole juu, meno nje, wanawapigia wenzao simu wawashe wawaone. Ala! Waonwe wakifanya nini?

Miaka hiyo nilikuwa kijana, nakaa Makongeni na mdogo wangu Wafula. Kila alfajiri nilikuwa napanga sufuria zangu za chai nje ya lango la kiwanda kimoja cha sabuni huko Industrial Area. Vibarua walikuwa wanajaa hapo kabla jua halijatoka. Msimamizi anakuja, anautazama umati, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Basi. Waliobaki warudi nyumbani kwa miguu. Wafula wangu alikuwa mfupi. Aliinua mkono, akaruka, akamchekea msimamizi ili apendwe, na bado kidole kilimpita kama vile hayupo. Pale langoni hakuna aliyelijua jina lake ila Shikuku, mtu wa kwetu Bungoma, aliyekuwa na kazi ya kudumu humo ndani. Shikuku ndiye aliyempokea alipofika mjini, akamlaza kwake mpaka mimi nikapata chumba. Siku nyingine alimshika mkono na kumpeleka mbele: "Huyu ni ndugu yangu, mchukue."

Basi ukuta ukaanguka, na Shikuku akatolewa chini yake amekwisha kufa. Mkewe, Nekesa, akaja mbio bila viatu. Watu wa televisheni nao wakafika, wakamsimamisha papo hapo na kumwekea kipaza sauti mdomoni. Mimi nilikuwa nimemshika asianguke. Nikageuza kichwa, nani namwona nyuma ya bega lake? Mdogo wangu! Anapunga mkono, anacheka, anarukaruka, vile vile alivyofanya kila asubuhi msimamizi akitoka. Nikamtolea macho. Wapi! Alikuwa anaiona kamera tu.

Jioni, katika hoteli ya jirani yenye televisheni, vijana wa mtaani walimshangilia.

"Wafula, umeonekana! Umetoa meno yote!"

"Si mliniona? Mara mbili!"

Akanunuliwa chai na mandazi. Kama aibu alikuwa nayo, aliimeza pamoja na hiyo chai, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuitwa kwa jina na watu wengi hivyo. Na hao wenye kamera pia siwaachi. Walikuwa na macho, walimwona, na neno moja tu la "ondoka hapo" lingetosha. Walinyamaza, kwa sababu walijua watu watatazama.

Siku ya kumsafirisha Shikuku, jeneza lililetwa kwanza mtaani tumuage. Vijana wakajitokeza kulipandisha kwenye basi, na Wafula akawa wa kwanza kushika mbele. Hapo Nekesa akainuka kwenye mkeka. Hakupiga kelele.

"Achilia, Wafula. Mkono uliokuwa ukipunga nyuma yangu nikilia hautambeba mume wangu."

"Shemeji, haki ya Mungu, sikuwa nakucheka wewe."

"Najua. Hata hukuniona."

Kijana mwingine akachukua nafasi yake. Basi likaondoka na watu wote wa kwetu, na Wafula akabaki barabarani. Mtu pekee aliyewahi kusema "huyu ni ndugu yangu" mbele ya lango lile alizikwa bila yeye.

Niliporudi kutoka mazishini nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Ulikuwa unataka nini wewe? Akakaa kitandani, akalia kama mtoto. "Dada, kila siku nainua mkono, hakuna anayeniona. Nilitaka mama aniangalie kule nyumbani, ajue niko."

Mwanangu, mama yetu hakuwa na televisheni. Hata redio alikuwa akisikiliza ya jirani.

Kwa hiyo usiniambie sielewi. Naelewa sana. Mtu akipitwa kila siku kama jiwe la barabarani, atataka kuonekana kwa lolote, hata kwa kuchekwa. Ndiyo maana leo mke na mume wanakwenda studio kumwaga ugomvi wa chumbani, mtangazaji anawachochea huku akicheka, halafu wanarudi mtaani kwao Kayole wamejifunika nyuso. Ukiwauliza, wanasema bora kuchekwa kuliko kutojulikana. Upuuzi mtupu! Waliocheka leo kesho watamcheka mwingine, na jina lako hawatalikumbuka. Na yule ambaye angekuonea uchungu, umeshamkanyaga ili ufike mbele.

Shika hili basi, na uwaambie wenzako. Kamera ikifika penye msiba, mtazame anayelia. Mpe maji, mtafutie kiti, wafukuze wanaomsonga. Ugomvi wa nyumba yako upeleke kwa mtu atakayekaa nawe mpaka uishe. Na ukimwona kijana pale langoni anarukaruka kila asubuhi na hakuna anayemjali, muulize jina lake, umwite kwa jina hilo kesho yake pia. Mimi niliuza chai pale miaka mingi na wengi wao nilikuwa nawaita "wewe" tu, na hilo nalo linaniudhi.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na tamaa ya macho ya watu, na akujalie watu wa kukuulizia siku usipoonekana.