Bahari Iliyonuka Mandazi

Haya, mcheke mmalize, maana mimi mwenyewe nilijicheka hadi nikachoka, na kama kuna mjinga aliyewahi kushika brashi Eastlands nzima, basi ni huyu anayewasimulia.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani, naishi Kaloleni, na jioni nasomea uchoraji mjini (mihula miwili tu, lakini kwa mwendo wangu wa madaha ungedhani chuo ni changu). Mwalimu alituambia picha bila hisia ni ukuta uliopakwa rangi, nami neno hilo nikalimeza zima zima. Kwa hiyo Muthoka, mpiga picha mwenye studio karibu na Soko la Burma, aliponiomba nimchoree bahari kwenye pazia ambalo wateja husimama mbele yake, sikutaka bahari ya kalenda, ile ya minazi na maji yaliyolala. Nilitaka bahari yenye hasira. Nikapaka rangi ya mafuta kwa kisu cha mkate, nene, hadi mawimbi yakavimba juu ya kitambaa kama ugali uliomwagika.

Katikati ya kazi mafuta ya kuchanganyia rangi yakaniishia. Duka lilikuwa mjini, na jirani alikuwa na sufuria ya mafuta aliyokwisha kukaangia mandazi. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. (Na shule nilienda.)

Baada ya juma moja nikagusa anga, pale rangi ilipokuwa nyembamba, kidole kikatoka safi.

"Imekauka?" Muthoka akauliza.

"Kau kabisa."

Naye Muthoka, mtu anayejiita bingwa na picha zake zote ni nyeusi na nyeupe, hakujisumbua kugusa mawimbi.

Wateja wa kwanza, Jumapili asubuhi, wakawa kwaya ya akina mama wa kanisa letu, majoho meupe mapya, wanataka picha kabla ya ibada. Kiongozi wao alikuwa Mama Wanza, na Wanza ndiye msichana niliyemtaka, na mama yake alikuwa hajaamua kama mimi ni mtu ama ni hasara. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, kama mwenye bahari. Studio ni ndogo, akina mama si wembamba, na Muthoka anawaambia, "Rudini nyuma kidogo. Kidogo tena." Wakarudi hadi wakaegemea mawimbi.

Mama Wanza akanusa. "Nani anakaanga mandazi hapa?"

"Ni hoteli ya jirani, mama," nikasema, na nilijua nanusa nini.

Wakatoka moja kwa moja hadi kanisani, wakaingia wakiimba, wamepanga mstari, na kila mgongo umebeba wimbi lake, buluu na kijani na povu. Waliokaa viti vya nyuma wakaanza kucheka. Kwaya ikadhani watu wamefurahi, ikapandisha sauti, na Mama Wanza akazidi kuyumba. Wanza akanigeukia kutoka benchi la mbele. "Hiyo si ile bahari yako?" Benchi zima likasikia.

Baada ya ibada nilikuwa nanyatia geti, lakini Mama Wanza akanifikia. Hakunipigia kelele. Aligeuka tu polepole, akanipa mgongo.

"Kijana, hii ni nini?"

"Wimbi, mama."

"Litoe."

Mchana wote niliupitishia kwenye mfereji wa maji wa Kaloleni, na mafuta ya taa na sabuni ya mche, na rundo la majoho, huku walioomba nami asubuhi wakija kutazama, Muthoka akiwa mbele yao akieleza kwamba tangu mwanzo hakuniamini. Rangi haikutoka. Ilisambaa tu, na kwaya ikaimba miaka kadhaa ikiwa na rangi ya wingu la mvua. Wanza akaolewa mtaa wa Jericho na fundi wa redio.

Nami nikaapa kutogusa rangi tena, na kiapo nimekishika. Mlango wa nyumba yangu ni mbao tupu hadi leo, na mke wangu akiulalamikia mbele ya wageni, mimi huwaongezea chai.