Shuka Bichi Dirishani

Mdogo wangu aliacha kulia. Homa ilikuwa inamchoma, na gari la wagonjwa lilitupulizia hewa ya moto tangu tutoke Kakuma.

Leo, miaka mingi baadaye, katika gereji ya Lodwar, fundi amewasha AC mbovu, ikatema vumbi la moto. Ni harufu ileile ya gari lile.

Siku ile, Mama aliweka kiganja kwenye tundu la AC. "Hii imekufa," akamwambia dereva.

"Kompresa ya kupoza hewa haiko, mama. Mkubwa wetu wa magari aling'oa, akaweka kwa gari yake."

Mama alivua shuka, akailowesha kwa maji yetu yote ya kunywa, akafungua dirisha na kuitundika, vile tunavyofunga jerikeni kwa gunia bichi ili maji yapoe.

"Sasa kimbiza hii punda yako!"

Upepo ukapita kwenye shuka, ukaingia baridi. Mtoto akalia.

"Lia, baba, lia!" Mama alikuwa anacheka. Aliingia hospitali mabega wazi, shingo juu, kama bibi harusi.

Wewe mkubwa wa magari, ungali hapa mjini, na kanisani unakaa kiti cha mbele. Simama utujibu: baridi ya wagonjwa ulimpelekea nani?